Pua Iliyo Kwenye Lebo

Jumatatu, 24 Machi

Mitchelle amenipa diari. Anasema niandike ndani yake kila jioni badala ya kumalizia watu hasira. Binti yangu huyo anasomea uuguzi, kwa hivyo kwake kila mtu ni mgonjwa, hata mamake. Haya, naandika.

Mimi ni Jael Adero wa Soweto West, Kibera. Kazi yangu ni kupika jin. Kiwanda kiko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, na ni chetu sisi wawili, mimi na mama mwenzangu, Mukai. Mimi napika, Mukai anauza. Marehemu mama alipika chang'aa kando ya mto, jicho moja kwa moto na lingine kwa askari. Mimi leseni yangu imetundikwa ukutani, na askari wakija wanakuja kununua. Jin yetu inaitwa Pua. Kwenye lebo kuna pua imechorwa, na pua hiyo ni yangu, ingawa mchoraji aliinenepesha bila ruhusa.

Pombe ikianza kutoka kwa mtambo, kwanza kinatoka kichwa. Ni kikali na kinaweza kumpofusha mtu, hicho tunamwaga. Halafu unatoka moyo, huo ndio tunauza. Mwisho mkia, ambao hata mlevi wa kweli anaukataa. Kazi yote ni kujua kichwa kinaishia wapi. Kuna kipimo cha kioo, na kuna pua yangu. Kipimo nakitoa wageni wakija.

Mvua ndefu imeanza leo. Paa linavuja juu ya meza ya Mukai, si juu ya mtambo. Mungu anajua kupanga.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mukai amekuja amejipaka pafyumu tena, nimemfukuza chumba cha mtambo. Anasema yeye ni mtu wa mauzo, lazima anukie. Nikamwambia anukie huko nje.

Ijumaa, 28 Machi

Leo amekuja mwanaume wa suti anaitwa Austine, mnunuzi wa hoteli moja mpya huko mjini. Alinikuta nasukuma pipa.

"Mama, mwenye kiwanda yuko?"

Nikamwambia yuko.

"Naomba kumwona."

Nikamwambia akae. Akakaa. Nikamaliza kusukuma mapipa, nikafua aproni, nikanywa chai, jamaa yuko tu anaangalia saa. Mwishowe Mukai akatoka ofisini akaniuliza, "Mama Mitchelle, wewe mwenye kiwanda, huyu mgeni hujamhudumia?" Bwana Austine alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

Lakini ana maneno matamu. Anataka Pua ndiyo iwe jin ya hoteli siku ya kufungua, mapema Juni. Sharti ni moja tu, leseni mpya iwe mkononi, maana hii ya sasa inaisha Mei ikiisha. Mukai alicheza ofisini mpaka akapiga teke ndoo ya maji ya paa.

Nimepiga chafya siku nzima. Ni vumbi.

Jumapili, 30 Machi

Ojwang, mwalimu wetu wa kwaya, amenihamisha kutoka sauti ya kwanza hadi besi. Nimeimba besi. Sina homa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Njia ya kutoka kwetu imekuwa uji. Mitchelle ananitazama pua kama daktari. Sina homa.

Jumatatu, 7 Aprili

Balaa.

Mkaguzi wetu wa pombe, mzee Jeconia, amestaafu. Mitchelle ndiye ameniletea habari ya anayekuja badala yake, na vile alivyokaa kwenye ukingo wa kitanda nikajua si habari njema.

"Mathe, ni Duncan."

"Duncan gani?"

"Mathe. Duncan!"

Duncan Mutie, mchumba wake! Kijana wa Kitui, mrefu, mpole, ambaye watu wake walikuja Januari kujitambulisha wakala kuku wangu mpaka mifupa. Tangu siku hiyo yeye ni mkwe. Na kwetu kule ziwani, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mkono. Hawatazamani usoni, na mmoja hazungumzii mwili wa mwenzake hata kidogo. Juzi tulikutana ghafla sokoni Kawangware. Mimi nikajificha nyuma ya magunia ya sukuma wiki, yeye akaingia kwa kinyozi. Mitchelle anasema ilibidi anyolewe, na alikuwa amenyolewa siku iliyotangulia.

Na Wakamba, watu wa Duncan, wana heshima hiyo hiyo, pengine kutupita. Sasa huyo ndiye atakuja kuchungulia mtambo wangu na kunihoji?

"Ameshamwambia bosi wake," Mitchelle akasema. Bosi ni mama mmoja anaitwa Wakarima. Mama Wakarima akajibu kwamba yeye hajaona cheti cha ndoa, na tena sampuli zinaenda maabara zikiwa na namba, hazina jina la mtu, kwa hivyo Duncan aende akafanye kazi. Yaani kwa ofisi bado si mkwe. Kwangu ni mkwe kabisa. Nimekosa usingizi, na mvua nayo haikunisaidia.

Jumatano, 9 Aprili

Mukai ana dawa. Mukai pia ni Mkamba, na kila akitaka jambo lake lipite anakumbuka mila.

"Kwetu, turubai likiwa katikati, hicho si chumba kimoja tena. Ni vyumba viwili."

"Nani alikwambia?"

"Susu yangu."

Susu, yaani nyanya yake, alifariki kabla Mukai hajazaliwa, aliniambia mwenyewe. Tumenunua turubai.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepika pipa la ukaguzi. Kazi safi. Mukai alisimama mlangoni akasema, "Mbona kunanuka kama saluni?" Nikamwambia ni hiyo pafyumu yake. Akasema leo hajajipaka. Nikamwambia basi ni ya jana. Huyu mama anaweza kuuza baridi Limuru lakini pua hana kabisa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote, kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Duncan amekuja asubuhi, na mvua juu yake. Upande mmoja wa turubai mimi na mtambo. Upande wa pili yeye na mkoba wa ofisi. Mukai kasimama pale pale kwenye ukingo, kichwa huku, miguu huko, kazi yake kupeleka maneno.

"Mwambie Mama, habari ya asubuhi."

"Anasema habari ya asubuhi!" Mukai akanipigia kelele kana kwamba mimi niko Kisumu na Duncan yuko Kitui.

"Mwambie nzuri."

"Anasema nzuri!"

"Nimesikia," Duncan akasema. "Mwambie nimesikia."

Akakagua paa, akakagua mapipa, akauliza maswali yake, nikajibu, Mukai akarudia kila kitu mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akaomba glasi ya moyo. Nikaipitisha chini ya turubai nimefumba macho, maana mkono wa mkwe nao si wa kuangalia. Nikamsikia akinusa. Akaiweka chini. Mvua tu kwenye mabati.

"Anti Mukai," akasema polepole, "sijui hata nitamwambiaje Mama."

"Sema tu, mimi ndiye nitapigwa."

"Hii haitapita. Kichwa kimeingia kwa moyo. Tena kingi."

Mukai hakupeleka hayo maneno.

"Muulize," nikasema, "ile pua iko kwenye lebo ni ya nani!"

"Anauliza..."

"Ni ya Mama," Duncan akajibu. "Naijua na naiheshimu sana. Lakini maabara watasema hivyo hivyo."

"Mwambie anuse tena!"

Akanusa tena. Akasema pole. Nikasikia kama kuna neno lingine linataka kumtoka, akakohoa, akalimeza. Halafu, kwa sauti ndogo, akamwomba Mukai aniulize kama huwa nakunywa chai ya tangawizi.

Tangawizi! Mtu anakufelisha, halafu anataka kujua unakunywa chai gani! Nikamwambia Mukai amwambie mlango uko wapi. Akaenda na sampuli zake, ameinama chini ya mwavuli, na hata kiatu kimoja kilibaki kwa tope akakirudia.

Sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya mtambo.

Jumanne, 22 Aprili

Maabara wamesema vile vile alivyosema. Tumepewa nafasi moja tu tena, katikati ya Mei. Tukianguka, mtambo unafungwa kufuli la ofisi, hoteli inachukua jin ya watu wengine, na mimi na Mukai tunarudi kutandaza mitumba kando ya barabara. Ile pombe mbaya tumeirudisha yote kwa mtambo, hakuna hata tone lililotoka nje.

Nimemwambia Mitchelle harusi hakuna.

"Mathe, ulitaka akupitishie pombe mbaya mtu apofuke, ndio ujue anakupenda?"

Nikamwambia atoke. Akatoka. Akarudi kuchukua mwavuli, akatoka tena. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, na hii ni nyumba ambayo ukinyoosha mguu unagonga jiko.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Ojwang anasema kanisa letu halijawahi kupata besi kama mimi. Amenipa mstari wa kuimba peke yangu. Sina homa.

Jumatano, 30 Aprili

Nilibaki peke yangu kiwandani nikaweka vitu mezani. Nimenusa kitunguu. Nimenusa parafini. Nimenusa visamaki vya omena vilivyokaa. Nimenusa soksi ya Mukai ambayo ilinyeshewa wiki iliyopita akaisahau nyuma ya mlango. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu mama azikwe. Pua hii ndiyo ilinitoa mtoni ikaniweka hapa. Bila hiyo mimi ni mama tu anayesukuma mapipa, na yule Austine alikuwa sawa.

Sina homa, lakini. Ni hewa ya Kawangware imebadilika.

Ijumaa, 2 Mei

Mukai ameingia chumba cha mtambo, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. Akangoja.

"Husemi kitu?"

"Niseme nini?"

"Mama Mitchelle, nimejimwagia chupa nzima. Mbuzi wa jirani amekimbia. Na wewe umetulia tu."

Nikakaa juu ya pipa. Yeye akakaa juu ya lingine. Nilidhani atanicheka, na nilikuwa nimeshatafuta la kumjibu. Hakucheka. Aliniuliza tu tangu lini, na nikamwambia tangu mvua ianze, lakini sina homa. Akasema sawa, huna. Akaenda kuoga kwa mfereji kwa sabuni ya kufulia, na maji ya mfereji siku hizi ni barafu.

Aliporudi akasema, "Nifundishe."

Jumanne, 6 Mei

Tumepika. Mukai alikuja ananuka sabuni tu, ndivyo alivyoniambia, mimi ningejuaje. Nikamketisha karibu na bomba, nikawa nampa glasi moja moja, na nikamwambia aseme tu inamkumbusha nini.

"Saluni. Wanatoa rangi ya kucha."

"Kichwa. Mwaga. Hii?"

"Saluni bado. Ila wamefungua mlango."

"Mwaga. Hii?"

"Mlango wazi, na jirani anakata ndimu."

Nikamwambia angoje, asijiharakishe. Marehemu mama pale mtoni alikuwa akisema hivyo hivyo, hii inauma, hii inanung'unika, hii sasa inacheka. Hakuwahi kuniambia chochote kwa namba.

"Hii?"

Mukai akafumba macho. Akakaa nayo. "Ndimu. Na iliki. Na nyumba imepigwa deki, wageni wako njiani."

"Huo ndio moyo! Weka pipa! Weka pipa, Mukai, unangoja nini!"

Na kipimo cha kioo nikakitoa, ingawa hakukuwa na wageni. Kikakubaliana na Mukai. Tukaendelea, glasi kwa glasi, mpaka akakunja uso.

"Mbwa. Amenyeshewa."

"Mkia. Funga!"

Miaka yote hii nimemwambia huyu mtu hana pua. Na siku ile ya saluni alisimama mlangoni akaniambia ukweli mtupu, nami nikamlaumu kwa pafyumu ya jana. Nimemwomba msamaha. Alijibu kwamba susu yake alimwambia siku hii itafika.

Alhamisi, 15 Mei

Duncan amekuja. Turubai, Mukai, kelele, kila kitu kama mara ya kwanza. Nikapitisha glasi chini. Akanusa.

"Anti, muulize Mama kama naweza kunusa tena."

"Kuna shida?" nikamuuliza moja kwa moja, turubai au bila turubai.

"Hapana, Mama. Nimeipenda tu. Lakini tungoje maabara."

Alienda bila kuuliza habari ya tangawizi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, likabaki bure.

Ijumaa, 16 Mei

Mitchelle amerudi nyumbani. Amesema amekuja kuchukua madaftari. Nikampikia samaki. Madaftari hakuyachukua.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Hakuna neno.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Hakuna neno. Nimemfokea mtu wa makaa bila sababu.

Jumatatu, 26 Mei

IMEPITA!

Ofisi ilimpigia Mukai simu. Alipiga nduru mpaka watu wa garaji wakakimbia na spana wakidhani tunaibiwa. Leseni mpya imetundikwa ukutani, na Mukai ameipiga picha pande zote kama mtoto mchanga. Saa nane Austine akaja. Alisimama mlangoni, akatutazama sote wawili, akasema kwa adabu kabisa, "Wenye kiwanda, hamjambo?" Nikamletea kiti mimi mwenyewe.

Mukai anataka pua yake nayo iwekwe kwenye lebo. Nimekubali, lakini nyuma ya chupa.

Jumamosi, 31 Mei

Jua! Nimeanika mpaka magodoro.

Tukiwa kiwandani, Mitchelle akaingia, na nyuma yake Duncan amebeba blanketi jipya kubwa, limefungwa kwa kamba. Nikaruka nyuma ya turubai. Yeye akageukia ukuta.

"Kwetu," Mukai akaanza, "mkwe akimletea mama mkwe blanketi, hiyo haya inaisha. Wanasalimiana kama watu."

"Susu tena?" nikauliza.

"Hapana, Mama," Duncan akauambia ukuta. "Hii ni ya kweli. Nilimuuliza baba."

Nikafikiria. Nikafikiria kiatu chake kwa tope. Nikafikiria kwamba kijana huyu angeweza kubadilisha sampuli akatia sahihi siku ile ya kwanza, akala wali wangu maisha yake yote, na mahali fulani mtu akaamka haoni. Nikatoka. Akageuka. Akanivika blanketi mabegani, kwenye jua hilo, na mimi nikampa mkono. Tukatazamana usoni mara ya kwanza tangu Januari. Ana macho mazuri, kusema kweli. Mitchelle alikuwa analia, Mukai alikuwa analia kwa sauti zaidi.

"Mama," Duncan akasema, "sasa naweza kusema?"

"Sema, mwanangu."

"Mama, uko na homa."

Mitchelle akaacha kulia.

"Nilisikia kwa sauti, ile siku ya kwanza. Pua ilikuwa imeziba kabisa. Nilitaka kukwambia upumzike, upone ndio upike. Lakini mimi nani, nisimame pale nizungumzie pua ya mama mkwe? Nikaona labda nikuulize tangawizi, utaelewa."

Mitchelle akajifunika uso. Mukai akashika pipa asianguke kwa kicheko. Na mimi nilikuwa na mdomo wazi, neno nililoliandika humu tangu Machi limenifika kwenye ulimi, nikakosa pa kuliweka. Nikacheka. Nimecheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa sote wanne tukajua kwamba kijana amesema kweli.

Nilipofungua blanketi jioni, ndani yake kulikuwa na tangawizi, mizizi mizima, imefungwa kwa gazeti. Nikavunja mmoja nikauweka puani. Kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, lakini ilikuwa tangawizi. Nikakaa kitandani nikainusa mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Jumapili, 1 Juni

Ojwang amekataa kunirudisha sauti ya kwanza. Nimeimba besi, mstari wa peke yangu, Duncan na Mitchelle wamekaa benchi la mbele.

Nina homa.